Nilirudisha Pesa Ambazo Hazikuwahi Kuingia

SWALI

Mzee Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mama wa makamo, nauza samaki wakavu hapa Arua, Uganda, na kwa miaka minne sasa ni mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba chenye wanawake 24. Tunakutana kila Jumamosi jioni nyuma ya soko, kila mmoja anaweka alichojaliwa, na mwezi wa Desemba tunagawana. Zamani fedha zetu zilikaa ndani ya sanduku la chuma. Mwaka juzi, baada ya nyumba ya mwenzetu mmoja kuvunjwa usiku, tulikubaliana kwamba fedha ziwekwe kwenye laini yangu ya simu, kwa sababu mimi ndiye niliyeaminiwa, na kwa sababu hatukutaka kuzitoa mara kwa mara na kukatwa ada pamoja na ile kodi ya nusu asilimia ya serikali.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita niliweka shilingi 420,000 zilizochangwa siku hiyo katika kibanda cha wakala ninayemtumia siku zote, kijana ambaye nimemjua tangu akiwa shule ya msingi. Salio likawa shilingi 1,860,000, nami nikaliandika kwenye daftari la kikundi. Hazikupita dakika ishirini, nikiwa bado njiani kwenda nyumbani, ujumbe ukaingia. Uliandikwa kwa Kiingereza, nami nakupa maana yake: "Umepokea shilingi 650,000. Salio lako jipya ni shilingi 652,300. Asante kwa kutumia huduma yetu." Sijamaliza hata kuusoma, simu ikalia. Alikuwa mwanamume mwenye Kiswahili kizuri cha heshima, akiniita mama kila baada ya maneno mawili. Akasema kwamba ana duka la mbao, kwamba alikuwa akituma ada ya shule ya watoto wake watatu, na kwamba amekosea tarakimu moja tu. Mhasibu wa shule alikuwa anafunga ofisi saa kumi na mbili, na watoto walikuwa wamesimama nje ya lango na masanduku yao. Alikuwa karibu kulia.

Mzee, mimi nimelelewa kuamini kwamba mali ya mtu ikikufikia kwa makosa ni amana. Nilimtumia shilingi 650,000 hapo hapo barabarani, nikiwa nimeliweka beseni chini. Kabla ya kuweka namba ya siri niliona jina la mpokeaji ni la mwanamke, nikamuuliza, akanijibu upesi kwamba ni laini ya mkewe aliye pale shuleni na mhasibu. Nikabonyeza.

Nilipotazama salio baadaye, lilikuwa limepungua badala ya kubaki pale pale. Sijui kama unaelewa jinsi mwili unavyopoa. Nikakaa chini ya mwembe. Baada ya kama dakika kumi simu ikalia tena, safari hii mwanamke mpole akisema anatoka huduma kwa wateja. Alijua kila kitu: kiasi nilichotuma, namba niliyoitumia, hata saa. Akasema pesa zangu bado zimezuiwa na zinaweza kurudi, na kwamba kwenye simu yangu kitatokea kisanduku ambacho nikiweka namba ya siri muamala ule utafutwa. Hata akanionya nisimtajie mtu yeyote namba yangu ya siri, wala yeye mwenyewe. Nikamwamini kwa ajili ya onyo hilo. Kisanduku kikatokea, nikaweka namba, na shilingi 800,000 nyingine zikaondoka. Zimebaki laki nne na kidogo.

Sijamwambia mtu isipokuwa kaka yangu, kwa kuwa mume wangu anaendesha lori la mizigo huko Juba na sitaki asikie habari hii kwenye simu. Kaka anasema ni yule kijana wa kibanda aliyewapa habari zangu, maana nani mwingine alijua kwamba nimetoka kuweka pesa? Anataka kwenda na vijana wenzake "wakamwulize". Mimi mwenyewe nimempata mkopeshaji aliye tayari kunipa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, ili nizirudishe kimyakimya na kikundi kisijue. Kikao cha hesabu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini, na ningejuaje?

Mweka Hazina, Arua

JIBU

Wa aleikum salaam, mama.

Barua yako imenifikia siku sita kabla ya kikao chenu, kwa hiyo nitaanza na kaka yako na yule mkopeshaji, kwa sababu hao wawili wanaweza kukuumiza ndani ya wiki hii, ilhali matapeli wameshamaliza kazi yao kwako.

Mkopo huo usiuchukue. Asilimia 20 ya shilingi 1,500,000 ni shilingi 300,000 kila mwezi, na hiyo ni riba peke yake kabla hujagusa deni lenyewe. Baada ya miezi mitatu utakuwa umetoa shilingi 900,000 na bado unadaiwa kiasi kile kile ulichokopa, na mtaji wako wa samaki utakuwa umekwisha. Tena utakuwa umefanya jambo ambalo matapeli hawakulifanya: leo wewe ni mweka hazina aliyeibiwa, lakini ukijaza pengo kwa siri na siri hiyo ikafichuka, na katika kikundi cha wanawake 24 itafichuka, utakuwa mweka hazina aliyedanganya hesabu. Hakuna atakayetofautisha tena wizi na uongo.

Kaka yako mzuie leo hii. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi "kuulizwa" na kundi la vijana kunavyoanza na kunavyoishia katika miji yetu. Inawezekana kijana huyo ana hatia, lakini ulichoniandikia hakionyeshi hivyo. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha pesa za simu miaka sita pale Bweyogerere, karibu na Kampala, kabla ya kuanza kazi ya kalamu, na ninajua kilichokuwa juu ya meza yangu: daftari. Kila mteja aliandikwa humo, jina, namba ya simu, kiasi alichoweka au kutoa, na sahihi yake, kisha daftari lilibaki wazi likimsubiri mteja anayefuata. Mtu yeyote aliyesimama kwenye foleni angeweza kusoma mistari kumi ya juu, au kuipiga picha akijifanya anatazama saa kwenye simu yake. Na hata pasingekuwa na daftari, kumbuka jinsi sisi wenyewe tunavyoitamka namba ya simu pale dirishani, kwa sauti ya mnada, mara mbili, ili wakala asikosee, na kiasi chenyewe kikifuata. Tangu 2019 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, lakini haijafika kwenye daftari lile. Kwa hiyo aliyejua kwamba umetoka kuweka pesa anaweza kuwa kijana, anaweza kuwa aliyesimama nyuma yako, na anaweza kuwa hakuna mtu kabisa, kwa maana matapeli hawa hutuma ujumbe ule ule kwa mamia ya namba na kungoja nani atapokea simu. Jioni ya Jumamosi mjini, wengi wao huwa wametoka kuweka kitu.

Tena mawakala nao hutapeliwa, na sana. Mimi nililipa shilingi 300,000 kutoka mfukoni mwangu kwa sababu ya mteja aliyeninyoshea simu yake kwenye foleni ndefu, akanionyesha ujumbe kwamba muamala wa kutoa pesa umekamilika, nami nikamhesabia noti kabla ya kutazama kama floti yangu, yaani salio la wakala kwenye simu yake ya kazi, imeongezeka. Haikuongezeka. Kwa hiyo unaponiambia mwili ulipoa, nakuelewa.

Sasa turudi kwenye ujumbe uliounakili, maana jibu la "ningejuaje" limo ndani yake, na ninakushukuru kwamba ulikuwa makini kuandika tarakimu zote. Ulikuwa na shilingi 1,860,000. Kama kweli zingeingia shilingi 650,000, salio lako jipya lingekuwa shilingi 2,510,000. Ujumbe ulisema 652,300. Aliyeuandika hakujua una kiasi gani, akalazimika kubahatisha, na akabahatisha kama matapeli wengi wanavyofanya: akakuchukulia kuwa mtu asiyekuwa na kitu kwenye simu ila shilingi elfu mbili na kidogo, kisha akaongeza pesa zake za uongo juu yake. Kampuni ya simu inajua salio lako hadi shilingi ya mwisho, tapeli halijui. Daftari la kikundi lilikuwa ndani ya mkoba wako likiwa na tarakimu ya kweli uliyoiandika dakika ishirini kabla. Simu ililia kabla hujamaliza kusoma, na hilo halikutokea kwa bahati. Alipiga wakati huo ili usipate nafasi ya kujumlisha.

Kuna alama nyingine, ingawa sikushauri uzitegemee peke yake. Ujumbe wa kweli huja ukiwa na jina la huduma mahali pa mtumaji, na huingia kwenye mlolongo ule ule wa ujumbe wako wa zamani wa kuweka na kutoa, ilhali ujumbe mwingi wa uongo hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu na kukaa peke yake. Fungua simu yako utazame ule wa Jumamosi umekaa wapi. Lakini wapo wajuzi wanaoweza kuliiga hata jina la mtumaji, kwa hiyo ujumbe, hata uwe mzuri vipi, ni habari tu kwamba huenda pesa zimeingia. Pesa zenyewe ziko kwenye salio. Kama laini yako ni ya MTN, bonyeza *165#. Kama ni ya Airtel, bonyeza *185#. Ingia sehemu ya akaunti yako na utazame salio kwa macho yako, huku aliyepiga simu akiwa amekatwa na si akiwa anangoja sikioni. Mtu aliyekosea kweli atangoja dakika tano. Ni tapeli tu ndiye ambaye mhasibu wake hufunga ofisi kila siku wakati huo huo.

Hata kama ungetazama na kukuta pesa zimeingia kweli, bado nisingekushauri uzirudishe kwa mkono wako. Hili watu wengi hawalijui, nami nitalieleza taratibu, kwa sababu linawagusa zaidi watu waadilifu kama wewe. Wapo wanaokutumia pesa halisi, wakakupigia simu wakiomba uzirudishe, na ukishazirudisha wanaiambia kampuni kwamba walituma kwa makosa na kuomba muamala wa kwanza ubatilishwe. Wakifanikiwa, wamelipwa mara mbili, na mara ya pili umelipa wewe. Wapo pia wanaokutumia pesa walizomwibia mtu mwingine, kisha wakakuomba uzipeleke kwenye namba ya tatu, na siku polisi wakifuata njia ya pesa hizo watakuta jina lako katikati. Amana unayoizungumzia ina mwenye kuirudisha, naye ni kampuni ya simu. Anayedai amekosea mwambie, kwa heshima ile ile aliyokuitia mama, apige namba 100 aombe kurejeshewa, na wewe ukiulizwa na kampuni utakubali. Pesa hizo usizitumie wala usizihamishe. Namba 100 ndiyo ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote miwili mikubwa hapa Uganda. Hapo utakuwa umeitunza amana kuliko ulivyoitunza barabarani.

Nikija kwenye simu ya pili, nitasema wazi kwamba ndiyo iliyonihuzunisha zaidi, kwa sababu ilikulenga wakati ulikuwa umeshaumia. Umeshangaa kwamba mwanamke yule alijua kiasi, namba na saa. Alijua kwa sababu alikuwa ameketi karibu na mwenye duka la mbao, pengine kwenye kiti kimoja. Hakuhitaji mtu ndani ya kampuni. Wizi wa mitambo upo, na sisi Waganda tuliuona Oktoba 2020, wahalifu walipoingia kwenye mfumo wa kampuni ya kati inayounganisha benki na mitandao ya simu, hata huduma za kuhamisha pesa kati ya benki na simu zikasimamishwa. Lakini siku ile hakuna mama aliyepigiwa simu akaombwa kubonyeza kitu. Anapokupigia mtu na kukuomba ubonyeze, maana yake ni kwamba hana njia nyingine ya kuingia. Mlango anao, ufunguo unao wewe.

Kisanduku kile kilichotokea kwenye skrini yako unakijua, isipokuwa siku zote umekiona ukiwa dirishani kwa wakala. Unapotaka kutoa pesa, mara nyingi wakala ndiye anayeanza kwenye simu yake: anaingiza namba yako na kiasi, kisha kwenye simu yako kinatokea kisanduku kinachouliza kama unakubali, nawe unaweka namba ya siri. Kule kuweka namba ndiyo sahihi yako. Siku ile mtu fulani aliye mbali nawe alianzisha muamala wa shilingi 800,000, na yule mwanamke akakuambia kwamba sahihi ya kutoa ni sahihi ya kufuta. Kwenye kisanduku chenyewe kiasi huwa kimeandikwa, lakini kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, nawe ulikuwa umekaa chini ya mwembe na machozi. Kuanzia sasa, kisanduku chochote kinachotokea bila wewe kuwa umekiomba, kikatae, au kiache kipotee chenyewe. Kupokea pesa hakuhitaji namba ya siri, na kurudishiwa pesa ni kupokea. Na lile onyo lake la kutomtajia mtu namba ya siri lilikuwa sehemu ya mtego wenyewe: matapeli hawa, ambao Kampala tunawaita bafere, wanajua kwamba matangazo yameshatufundisha tusitaje namba, kwa hiyo siku hizi hawaombi uitaje. Wanakuomba uibonyeze mahali wanapotaka wao.

Sasa unachoweza kufanya. Lau ungepiga 100 ukiwa bado chini ya mwembe, ukataja namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wako wa kutuma, kampuni ingeweza kuifungia akaunti ya mpokeaji kabla hajazitoa, na wakati mwingine hilo huokoa kitu. Baada ya wiki mbili sikupi matumaini makubwa. Hata hivyo toa taarifa, kwa sababu mbili: kuna nafasi ndogo kwamba laini ile ilifungwa kwa malalamiko ya mtu mwingine ikiwa bado na pesa ndani, na, lililo muhimu zaidi kwako, unahitaji karatasi. Nenda kwenye ofisi ya huduma ya kampuni yako mjini, omba taarifa ya miamala ya siku ile iliyochapishwa, na ubadilishe namba ya siri ukiwa pale. Kisha nenda kituo cha polisi na karatasi hiyo, eleza kama ulivyonieleza mimi, namba zote mbili zilizokupigia, namba iliyopokea, jina uliloliona, na uhakikishe umepewa namba ya kumbukumbu ya jalada lako. Kampuni haitakupa wewe taarifa za mwenye laini nyingine, na ni haki yake kukataa, lakini polisi wanaweza kuziomba. Huko huko polisi ndiko kwa kuutaja wasiwasi wa kaka yako kuhusu kibanda, ili kijana aulizwe na mtu mwenye wajibu wa kuandika majibu yake. Kampuni ikikaa kimya juu ya malalamiko yako, fahamu kwamba tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya 2020 kampuni za pesa za simu zinapewa leseni na kusimamiwa na Benki Kuu ya Uganda, na malalamiko yasiyojibiwa yanaweza kupelekwa huko.

Usimtafute mwanamke ambaye jina lake uliliona. Usajili wa laini ulianza hapa kwetu 2012, na 2017 tukalazimishwa kuzihakiki kwa namba ya kitambulisho cha taifa, lakini wapo wauzaji wa laini wa barabarani ambao walimwambia mzee wa kijijini kwamba kidole chake hakikusomeka vizuri, aweke tena, na tena, na laini ya pili na ya tatu zikaondoka na mtu mwingine. Huenda jina lile ni la bibi anayepalilia mihogo asiyejua lolote. Na atakayekupigia wiki hii akisema yeye ni mtaalamu anayeweza kuzifuatilia pesa zako kwa ada kidogo, mjue ni binamu wa mwenye duka la mbao. Hao huja baada ya wizi kama nzi.

Limebaki kundi lako, na hapa nina neno ambalo huenda hukulitarajia. Umeandika kwamba zamani fedha zilikaa kwenye sanduku la chuma. Kama lilikuwa sanduku la vikundi vya akiba ninavyovijua mimi, lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zake zilikaa na wanawake watatu tofauti, wala si mmoja wao aliyelala na sanduku lenyewe. Mwenye duka la mbao angempigia nani? Angelazimika kuwadanganya wanawake watatu katika nyumba tatu kwa dakika zile zile, na mmoja wao angesema ngoja nimalize kusonga ugali. Mlipohamia kwenye simu mlihamisha fedha na kuziacha kufuli mbili nyuma. Uamuzi huo haukuwa wako peke yako. Mliupitisha nyote 24, na sababu zenu zilikuwa nzuri, kwa kuwa nyumba ilivunjwa kweli. Kwa maoni yangu hasara hii haikuangukii wewe yote. Wewe una sehemu yako, hasa zile shilingi 800,000 za pili, na ingekuwa vyema ujitolee mwenyewe kukatwa fungu lako la Desemba kabla hujaombwa. Kinachobaki kikundi kikizungumze, na kama katiba yenu ina kifungu kuhusu hasara, kisomwe. Wapo watakaosema maneno makali, na mmoja au wawili watasema uliziingiza kwenye mradi wako. Ndiyo maana nimesisitiza karatasi ya kampuni na namba ya polisi.

Laki nne zilizobaki zisiendelee kukaa kwenye laini yako. Rudini kwenye sanduku na funguo tatu kwa muda, mkibadilisha nyumba linamolala, huku katibu akiulizia akaunti ya kikundi, ile ambayo fedha hazitoki mpaka watu zaidi ya mmoja waidhinishe, iwe benki, iwe kwenye chama cha akiba na mikopo, au kwenye simu yenyewe kama kampuni yenu inaitoa. Ada mtakatwa. Mlikwepa ada mkaweka yote mahali pamoja, na sasa mnajua bei yake.

Mume wako mpigie leo usiku akiwa amesimamisha lori, kabla hajapata habari kutoka kwa dereva mwenzake wa Arua. Atakasirika, lakini hasira ya kwenye simu hupoa njiani.

Mwenyekiti naye mwambie kabla ya kikao, nyumbani kwake, mkiwa wawili. Kisha mwombe akusindikize kwenye ofisi ya kampuni na polisi, ili Jumamosi asimame pamoja nawe kama shahidi na si kama hakimu. Nendeni asubuhi na mapema kabla soko halijachangamka, na usisahau kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu ukiwa na simu peke yake wanaweza kukurudisha nyumbani kukichukua kabla ya kukuchapishia taarifa hiyo.